Kompyuta ya Laki Sita: Nani Analipa Kilichopunguzwa?

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ilikuwa imesimikwa katika Wizara ya Fedha, na matumaini yaliyowekwa juu ya mashine za namna ile katika kusimamia hesabu za umma yakaishia kwenye hasara na mkanganyiko. Watawala wa wakati ule wakaona kwamba chombo kinachomeza fedha za kigeni, tena kinachohitaji wataalamu wa kigeni kukiendesha, hakina nafasi katika nchi iliyojitangazia kujitegemea. Tunaweza kubishana hadi kesho kama uamuzi ule ulikuwa wa busara au wa woga. Binafsi naona ulituchelewesha. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo sera zetu za leo hazina: ulianza kwa kuuliza chombo hiki kinamgharimu nani, na kinamfaa nani.

Nusu karne baadaye swali hilo limesahaulika, na marufuku imegeuka kuwa sharti. Kijana wa kidato cha sita haombi mkopo wa elimu ya juu ila kwa mtandao. Mzabuni anayetaka kuiuzia Serikali hata viti vya shule ni lazima apitie NeST. Mtumishi wa umma anaomba likizo katika mfumo wa ESS na utendaji wake unapimwa katika PEPMIS. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapokea mihadhara, anawasilisha kazi na anaangalia matokeo yake katika mifumo ya kompyuta. Mimi si adui wa mifumo hii. Nakumbuka foleni za miaka ya nyuma, nakumbuka mafaili yaliyopotea mpaka yatafutwe kwa soda, na sitamani turudi huko. Hoja yangu ni nyingine. Tulipoamua kwamba mambo haya yote yafanyike kwa kompyuta, hatukuamua ni nani atakayeinunua hiyo kompyuta. Tulinyamaza, na soko likatujibia kwa kompyuta mpakato ya bei nafuu.

Makala haya ninayaandika kwenye mojawapo ya kompyuta hizo. Niliinunua Kariakoo mwanzoni mwa mwaka wa masomo uliopita kwa shilingi laki sita kasorobo kidogo, baada ya ile niliyokuwa nayo kwa miaka saba kuzimika moja kwa moja katika mwezi uleule wa kulipa ada za watoto. Wenzangu wawili idarani walinitania kwamba daktari wa falsafa hapaswi kutembea na kompyuta ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Utani ule ulinifundisha jambo: kwamba sisi tunaofundisha tunajua kabisa kuwa kuna kompyuta za wanafunzi na kompyuta za wakubwa, na bado tunatoa kazi zetu kana kwamba zote ni sawa. Kwa miezi kumi na sita nimeitumia kwa kila kitu: kuandaa mihadhara, kusoma tasnifu, kuingiza alama, kuhudhuria vikao vya mtandaoni na kuandika kurasa hizi. Kwa hiyo nina haki ya kuisifu na kuilaumu.

Kwa msomaji asiyependa lugha ya mafundi, nieleze kwa mfano. Kompyuta ina fundi anayefanya kazi, ina meza ambayo fundi huyo anatandaza vitu anavyovishughulikia kwa wakati huo, na ina kabati la kuhifadhia vitu vyote. Fundi ni prosesa, meza ni kile ambacho vijana wanakiita RAM, na kabati ni diski. Katika kompyuta yangu fundi ni prosesa ya Celeron yenye viini viwili, yaani mtu mpole, mwenye nia njema, asiye na haraka. Meza ni ya gigabaiti 4. Kabati ni la gigabaiti 64, la aina iitwayo eMMC, nalo halikuchomekwa bali limelehemiwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Skrini ni ya inchi 14, yenye nukta 1366 kwa 768. Ukiingia katika duka lolote la Kariakoo ukaomba kompyuta mpya ya bei ya chini, uwezekano ni mkubwa kwamba utapewa ndugu yake huyu.

Nianze na mema yake, maana ni mengi kuliko wenzangu wanavyodhani.

La kwanza ni umeme. Fundi huyu mpole anakula kidogo. Prosesa za aina yake zimebuniwa kwa matumizi ya wati 6 hivi, wakati zile za kompyuta mpakato za kawaida huanzia wati 15. Katika nchi ambayo umeme hukatika bila kubisha hodi, hilo ni jambo zito. Nikiwa ninaandika tu, betri yangu inafika saa sita na ushee. Ofisi ya jirani yangu ina kompyuta ya mezani yenye nguvu mara tano ya hii yangu, na umeme ukikatika saa nne asubuhi mwenyewe anatoka nje kuota jua, mimi ninaendelea kusahihisha. La pili ni ukimya. Haina feni, kwa hiyo hainguruma, na vumbi la kiangazi halina tundu kubwa la kuingilia. La tatu ni uzito wake wa kilo moja na nusu hivi, unaoniwezesha kuipanda nayo daladala bila kuumia bega. La nne, nalo si dogo, ni amani ya moyo. Mtu mwenye kompyuta ya milioni tatu huilinda kama mwana. Mimi yangu naibeba popote, naiweka popote, na mtoto wa dada akiomba kuitumia kwa kazi ya shule namwachia.

Tena kazi nyingi za msomi na za mtumishi wa ofisi hazihitaji zaidi ya hapo. Kuandika barua, kusoma andiko la kurasa 90, kujaza jedwali la alama, kutuma barua pepe: haya yote fundi mpole anayamudu. Katika miezi hii kumi na sita nimesoma juu yake tasnifu 11 za shahada ya umahiri, na hakuna mwanafunzi aliyecheleweshwa na kompyuta yangu. Wapo wanaotaka kutuaminisha kwamba bila mashine ya mamilioni hakuna usomi. Hao wanauza mashine.

Sasa nigeukie upande wa pili. Meza ya gigabaiti 4 ni ndogo kuliko inavyosikika, kwa sababu programu endeshi yenyewe inakalia karibu nusu yake kabla hujafungua chochote. Ukifungua kivinjari chenye kurasa sita, ukafungua na tasnifu yenye maoni ya pembeni, kisha ukaitwa kwenye kikao cha video, fundi anasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kwa hiyo unajifunza kufungua jambo moja, ulimalize, ulifunge, ndipo ufungue jingine. Kwa mtu wa umri wangu hii ni nidhamu nzuri. Kwa mwanafunzi anayetakiwa kusikiliza mhadhara wa mtandaoni huku akisoma slaidi na kuandika, nidhamu hiyo ina maana kwamba anakosa kimojawapo.

Skrini nayo ina siasa yake. Ni hafifu mwangani, na ukiitazama kwa pembeni rangi zinageuka na maandishi yanafifia. Pita saa saba mchana kwenye vimbweta vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale wanafunzi wanapojisomea chini ya miti, utawaona wamefunika kompyuta zao kwa kanga, kwa koti, hata kwa mkoba, ili waone walichoandika. Tazama zaidi kazi za vikundi. Tunawapa wanafunzi wanane kazi moja, wana kompyuta mbili, na katika kila moja anayeona vizuri ni yule aliyekaa katikati. Wengine wanasikiliza. Halafu tunashangaa kwa nini kazi ya kikundi imefanywa na watu wawili. Tunaita uvivu, na kwa wengine ni uvivu kweli, lakini nimeanza kuamini kwamba sehemu ya uvivu huo imo ndani ya kioo.

Hata hivyo, mambo ya meza na kioo yanavumilika. La kabati ndilo lililonifanya niandike. Katika gigabaiti 64, programu endeshi na zana zake huchukua sehemu kubwa, na masasisho ya mara kwa mara yanahitaji gigabaiti kadhaa zilizo wazi ili yaingie. Nafasi ikikosekana, sasisho linakwama. Likikwama mara tatu, mtumiaji anachoka na kulizima kabisa. Kompyuta isiyosasishwa ni nyumba isiyo na komeo, na katika nchi ambayo mafaili bado yanasafiri kwa flashi kutoka steshenari hadi steshenari, wageni hawakawii kuingia. Mwanafunzi atapoteza kazi yake. Lakini je, afisa rasilimali watu wa halmashauri, ambaye kwa kukosa vifaa vya ofisi anatumia kompyuta yake mwenyewe ya laki sita kutunza majina, mishahara na maradhi ya watumishi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo inamdai afisa yule ulinzi ambao kompyuta yake haina nafasi ya kuupokea.

Na kabati lililolehemiwa lina ubaya mwingine, ambao niliuona kwa macho yangu. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa mwisho alikuwa amekusanya mahojiano ya wanawake wachuuzi wa dagaa kando ya Ziwa Victoria. Alisafiri kwa basi, akalala kwa shangazi, akakaa huko wiki tano, akarudi na maneno ya watu ambao sijawahi kuyasoma katika kitabu chochote. Alikuwa ameyaandika mahojiano yote na kuanza sura ya nne. Asubuhi moja kompyuta yake, mpya, ya miezi kumi na moja, ikawaka na kusema haioni diski. Fundi akaifungua, akaitazama, akaifunga. Diski ya kawaida inachomolewa, na mara nyingi kilichomo kinaokolewa au angalau diski nyingine inawekwa. Hii ilikuwa sehemu ya ubao. Kubadili ubao kungegharimu karibu bei ya kompyuta nzima, na hata hivyo mahojiano yasingerudi. Dukani aliambiwa kwamba dhamana ilikuwa ya miezi sita.

Najua swali litakaloulizwa, kwa sababu mimi mwenyewe nimelisikia katika kikao cha idara: kwa nini hakuweka nakala? Ni swali la haki, lakini tulijibu kwa haki pia. Nakala inakaa mahali. Mtandaoni inahitaji bando, na binti yule alikuwa akinunua bando la siku kwa ajili ya kusoma ujumbe wa darasa. Kwenye diski ya nje inahitaji diski ya nje, ambayo ni bei ya chakula cha wiki kadhaa. Alikuwa na flashi moja, nayo ilikuwa na nakala ya mwezi mmoja nyuma. Idara ilimwongezea wiki mbili. Akakaa katika maabara ya kompyuta, akaandika upya kutoka kwenye sauti chache zilizobaki katika simu, akawasilisha, akafaulu. Lakini nilisoma rasimu ya kwanza na nikasoma kilichowasilishwa. Nusu ya wale wanawake hawamo tena. Nchi hii imepoteza maneno yao kwa sababu kiwanda fulani kiliokoa dola chache kwa kulehemu kilichopaswa kuchomekwa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini. Kuna urahisi wa bei unaotokana na kupunguza, na kuna urahisi wa bei unaotokana na kuhamisha. Prosesa dogo ni kupunguza: nimepewa kidogo, nimelipa kidogo, tumemalizana. Mwili wa plastiki badala ya chuma ni kupunguza. Lakini diski isiyobadilishika, dhamana ya miezi michache na RAM isiyo na nafasi ya kuongezeka si kupunguza. Gharama ile ipo palepale. Imetolewa tu kwenye bei ya dukani na kuwekwa kwenye mabega ya mnunuzi, ailipe siku asiyoijua. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti ni kwamba mkakasi hauna mkopo wa Bodi nyuma yake.

Wapo waliowahi kujaribu kujenga urahisi wa namna nyingine. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte na wenzake wa Marekani walitangaza kompyuta ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Ilipoanza kuzalishwa mwaka 2007, bei yake ilikuwa karibu dola 200. Mradi ule ulikosolewa, na kwa haki: ulidhani kwamba mtoto akipewa mashine, mwalimu anaweza kusubiri. Rwanda iliupokea kwa moyo mkubwa kuliko nchi nyingine katika ukanda wetu. Kenya, kwa njia yake, iliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza katika kampeni za mwaka 2013, na ahadi ilipofika shuleni kuanzia mwaka 2016 ilikuwa imegeuka kishikwambi. Lakini tusisahau jinsi ile kompyuta ya kijani ya Negroponte ilivyobuniwa. Skrini yake ilisomeka juani. Kibodi yake ilifunikwa kwa mpira ili vumbi na maji visipenye. Ilikula umeme kidogo sana. Waliojenga mashine ile walianza kwa kujiuliza ni nani ataitumia na ataitumia wapi. Kompyuta ya laki sita iliyo mbele yangu haikubuniwa kwa kuuliza swali hilo. Ni kompyuta ya watu wengine iliyokatwa vipande mpaka bei ikatutosha.

Mtu mwenye busara atasema: nunua ya mtumba. Ni kweli kwamba kwa fedha ileile, ama hata pungufu, unapata Kariakoo ThinkPad, Latitude au EliteBook iliyotumika katika ofisi za Ulaya au Marekani, yenye kibodi imara, yenye RAM ya gigabaiti 8, yenye diski ya SSD inayochomoka kwa bisibisi moja. Mafundi wetu wanazijua kama mwalimu anavyojua chaki yake. Kwa mwanafunzi asiye na pa kukimbilia, mara nyingi huo ndio ushauri wangu. Lakini tuseme na upande wake wa pili. Betri huwa imezeeka, na saa sita zangu zinakuwa saa moja na nusu. Dhamana ni neno la muuzaji. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 imeacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama, wakati Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Ofisi za matajiri zitazitoa mashine hizo kwa wingi, na masoko kama yetu yatazipokea kwa wingi. Mnunuzi asipouliza, atauziwa kwa bei nzuri mashine ambayo mwenye programu ameshaiaga.

Dawa yake ipo, nayo ni mifumo huria ya Linux, ambayo inazifufua mashine za namna hiyo bila malipo na bila programu za wizi ambazo nusu ya virusi vyetu vinapanda humo. Tena si jambo geni hapa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Nikiwauliza wanafunzi wangu darasani, hakuna aliyewahi kuisikia. Tuliwahi kuwa na jibu la kwetu, katika lugha yetu, kwa ajili ya kompyuta za watu wetu, tukaliacha likaota kutu.

Turudi sasa kwenye hesabu, maana siasa yote iko ndani ya hesabu. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi anayenufaika na mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kompyuta ya laki sita ni siku 60 za kutokula na kutolala mahali. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, jambo jema lililostahili pongezi. Hata hivyo kompyuta ya chini kabisa bado ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mtu huyo, kabla hajanunua bando wala LUKU. Na kwa kuwa kompyuta hii hudumu miaka miwili au mitatu, mtu huyo atalipa tena.

Wasiomudu wanajua njia zao. Wapo wanaoandika tasnifu kwa simu. Nimezisoma, na macho yangu yanazitambua kwa aya zake fupi na majedwali yaliyopinda. Wapo wanaokwenda steshenari, wanamtajia kijana wa kaunta namba ya mtihani, namba ya kitambulisho na nywila, naye anawajazia fomu ya mkopo kwa malipo. Nywila inabaki kwake katika daftari. Mwalimu wa shule ya msingi wa kijijini anajaza taarifa zake za utendaji usiku, akiwa amesimama juu ya kichuguu mahali penye mtandao. Serikali imeokoa karatasi, imeokoa makabati, imeokoa posho za kusafirisha mafaili. Ni faida halali. Lakini sehemu ya faida hiyo si kitu kilichopunguzwa. Kimehamishwa, kama ile diski.

Nifanye nini basi mimi niliyeshika kalamu? Kwanza nimpe mwanafunzi ushauri wa vitendo. Ukiwa na laki sita, usiulize rangi wala ukubwa wa kioo. Uliza kama diski inachomoka. Uliza kama RAM inaongezeka, na kama una chaguo usichukue chini ya gigabaiti 8. Uliza prosesa ni ya kizazi gani. Uliza dhamana ni ya miezi mingapi na iandikwe kwenye risiti. Kama kompyuta mpya inakataa programu yoyote isiyotoka kwenye duka la Microsoft, huenda iko katika hali iitwayo S, na unaweza kuitoa katika hali hiyo bila malipo. Usimlipe fundi kwa hilo. Kisha, kabla ya kuweka muziki, weka utaratibu wa nakala, hata kama ni kujitumia faili kwa barua pepe kila Jumapili.

Kwetu sisi walimu: tupunguze uzito wa tunachotuma. Slaidi 40 zenye picha zisizo na maana zinaweza kuwa kurasa nne za maandishi. Mhadhara wa video unaweza kuwa na nakala yake ya sauti. Na chuo kinachodai tasnifu kwa mtandao kiwe na mahali pa kutunzia rasimu za wanafunzi, kwa gharama ya chuo, na maabara isifungwe saa kumi jioni kama duka la chumvi.

Kwa watunga sera nina mambo mawili. Ufaransa, tangu Januari 2021, inamlazimu muuzaji aweke kwenye kompyuta mpakato alama inayoonyesha, kwa kipimo cha kumi, urahisi wa kuitengeneza ikiharibika. Hatuhitaji kuiga Wafaransa katika kila kitu, lakini Shirika letu la Viwango na Tume yetu ya Ushindani vina uwezo wa kudai maneno matatu tu kwenye boksi: diski inabadilishika au haibadilishiki, RAM inaongezeka au haiongezeki, dhamana ni miezi mingapi. Mnunuzi akijua hayo, kiwanda kitabadilika. La pili, baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Huo ulikuwa mfano mzuri wa mali ya umma kufanya kazi mara mbili. Kompyuta zinazoondolewa katika ofisi za Serikali na taasisi zake nazo zingeweza kufutwa taarifa, kuwekewa Linux na diski mpya katika vyuo vyetu vya ufundi, na kukopeshwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, badala ya kusubiri mnada zikiwa zimeoza stoo. Vijana wa vyuo hivyo wangepata kazi ya kujifunzia, na wenzao wa vyuo vikuu wangepata chombo.

Sijasema kompyuta ya bei nafuu ni mbaya. Imeniandikia kurasa hizi bila kulalamika, na umeme umekatika mara mbili nikiwa katikati. Ninachokataa ni desturi ya kumshukuru muuzaji kwa bei na kumlaumu mwanafunzi kwa matokeo ya bei hiyo. Kila mara wizara, chuo au halmashauri inapotangaza kwamba kuanzia mwezi ujao huduma fulani itapatikana kwa mtandao pekee, mtumishi mmoja mwenye ujasiri anyooshe mkono katika kikao na kuuliza chombo kitanunuliwa na nani, na kikiharibika kitatengenezwa na nani. Kama jibu ni "mwananchi mwenyewe", basi iandikwe katika bajeti kama gharama, mahali ambapo Bunge linaweza kuiona.